Mchanga wa Ibusuki, Maji ya Bonde la Rukwa: Nani Aoge Kwanza?

Mhadhara wa wazi uliotolewa Mtowisa, Bonde la Ziwa Rukwa



Mmeniita niwaeleze nilichokiona Japani, hasa ile habari ya watu kuzikwa hai ufukoni na kulipia wazikwe. Nitaieleza. Lakini naomba mnivumilie nikitoka Japani mara kwa mara na kurudi hapa bondeni, kwa sababu kila nilipokuwa kule nilikuwa nawaza kwetu, na nililolileta si habari ya starehe za wageni. Nimeleta swali la mali yetu.

Kusini kabisa mwa kisiwa cha Kyushu, katika mkoa wa Kagoshima, kuna mji wa pwani uitwao Ibusuki. Ni upande wa joto wa Japani: mitende ya mapambo imepandwa barabarani, viazi vitamu vimejaa mashambani, na ndio mji unaoongoza nchi nzima kwa kilimo cha bamia. Karibu yake umesimama mlima wa volkano wa Kaimon, wenye mita 924. Chini ya ufuko wa mji huo, mahali paitwapo Surigahama, maji ya moto hutiririka ardhini kuelekea baharini, na yakipita huupasha mchanga mweusi wa volkano mpaka ukafuka mvuke. Kwa zaidi ya miaka 300 wenyeji wamekuwa wakijifukia katika mchanga huo ili kutuliza maungo.

Utaratibu wake ni huu. Unalipa mlangoni, unapewa vazi refu la pamba liitwalo yukata na taulo dogo. Unavua vyote, unavaa yukata peke yake, unashuka ufukoni. Pale chini ya paa unamkuta mfanyakazi mwenye chepe, naye amekwisha kuchimba shimo la kina kifupi lenye urefu wa mtu. Unalala chali. Anakufunga taulo kichwani na shingoni ili mchanga usiingie nyweleni wala masikioni. Kisha anaanza kukufunika: miguu kwanza, halafu tumbo, mikono, kifua, mpaka unabaki uso tu. Mchanga una joto la nyuzi 50 hadi 55. Maji ya joto hilo yangekuunguza, lakini mchanga, ukiwa juu ya nguo, unavumilika.

Sikutarajia uzito wake. Mchanga uliolowa maji ni mzigo mzito, na baada ya muda mfupi unaanza kusikia mapigo ya moyo wako mahali usipoyazoea: kwenye vidole vya mikono, kwenye nyayo, nyuma ya magoti. Jasho linatoka usoni, na huna mkono wa kulifuta. Madaktari wa Kagoshima waliochunguza jambo hili wanaeleza kwamba joto hupanua mishipa na uzito wa mchanga huusukuma mwili kutoka nje, hivyo damu inarudi kwenye moyo kwa wingi na kwa kasi kuliko mtu anapooga maji ya moto ya kawaida. Saa ya ukutani inaonekana kutoka pale ulipolala. Dakika 10 zikitimia unaambiwa inatosha. Ukitaka kuzidisha kidogo hukatazwi, ila wanakutazama. Unainuka, unaukung'uta mchanga, unajiosha vizuri kwa sabuni, ndipo unaingia katika bwawa la maji ya moto lililo ndani.

Nataka mama zangu walisikie jambo moja hapa. Katika mchanga ule wanawake na wanaume wanalala safu moja, vijana na wazee, na hakuna aliyevunjiwa heshima, kwa kuwa kila mtu amevaa vazi linalomfunika. Kwenye mabwawa ya ndani, ambako watu huoga bila nguo, wanawake wana upande wao na wanaume wao. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kusikia mtu akisema habari za kuoga pamoja haziwezi kuwa zetu. Zinaweza, zikipangwa na watu wenye haya zao.

Niliyemtazama kwa makini kuliko wote ni mwanamke aliyekuwa na chepe. Alikuwa mtu mzima, ana viganja vigumu vya mkulima. Kabla ya kunifunika aliugusa mchanga, akauacha upande mmoja, akachota wa upande mwingine. Alikuwa anajua wapi umezidi joto na wapi umepoa, na anajua namna bahari inavyoubadilisha ikijaa na kupwa. Yule mama ni fundi, na bila yeye ufuko wa Surigahama ni mahali pa kuungulia miguu.

Sasa tuje kwetu. Wapo watakaosema: mwalimu, sisi huku bondeni joto tunalikimbia, wewe unataka tulitafute? Ni kweli. Anayeshuka kutoka Sumbawanga kwa njia ya Ntendo na Muze huvua sweta kabla hajafika chini, kwa kuwa anateremka karibu mita elfu moja. Lakini nimewaambia kusudi kwamba Ibusuki nako ni upande wa joto na watu wake ni wakulima na wavuvi. Joto la jua juu ya kichwa na joto linaloingia mgongoni ni vitu viwili. Mwanamke aliyeinama kutwa nzima akipandikiza mpunga anaujua mgongo wake usiku, na kiwe kiangazi au masika, akirudi nyumbani bado ataomba maji ya moto.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Japani imekaa mahali ambapo sakafu ya bahari inazama chini ya nchi kavu. Mwamba ukizama sana hutoa maji yanayofanya mwamba wa moto ulio juu yake uyeyuke, volkano huzaliwa, na maji yaliyo karibu nayo huchemka. Kwetu mambo ni kinyume: nchi inapasuka na kuachana. Huu ukuta wa Lyamba lya Mfipa mnaouona kila asubuhi ni ukingo wa ufa, na ziwa letu limekaa katika sehemu iliyozama. Mvua inayonyesha juu Ufipa sehemu yake huingia kwenye nyufa na kushuka mbali sana chini. Hata mahali pasipo na ufa wowote, kila kilomita moja ya kwenda chini huongeza joto kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi. Maji yakifika kilomita kadhaa huko, yakapata ufa wa kupandia, yanarudi juu kabla hayajapoa. Hiyo ndiyo chemchemi ya maji moto. Haihitaji volkano karibu nayo, ingawa kule kusini mwa bonde, upande wa Mbeya, joto la milima ya volkano ya Rungwe linachangia.

Ufa huo huo ndio ulioitikisa nchi hii tarehe 13 Desemba 1910. Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa 7.4 na linahesabiwa kuwa kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Afrika katika karne ya 20. Mtikisiko na moto vinatoka chini ya sakafu moja.

Chemchemi zenyewe mnazijua kwa majina. Kaskazini, upande wa Mpimbwe mkoani Katavi, ipo Maji Moto. Kusini, katika bonde la mto Songwe, maji hutoka yakiwa na nyuzi 80 hivi, na kwa maelfu ya miaka yamekuwa yakiacha chokaa mpaka ikawa miamba mizima ambayo watu huichimba. Upande wa Momba zipo za Itumbula na Ivuna. Sehemu nyingine za nchi yetu zipo pia: Amboni kule Tanga, Rufiji, Manyara, Natron. Lakini leo nabaki kwenye bonde letu.

Nimejiuliza: nani hasa amezijali chemchemi hizi, na kwa ajili gani?

Wa kwanza walikuwa wenyeji wenyewe, na walizijali kwa ajili ya chumvi. Pale Ivuna watu wamechemsha chumvi kutokana na maji ya chemchemi tangu karne ya 13 hivi. Wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta vyungu vilivyovunjika kwa wingi wa kushangaza, tabaka juu ya tabaka. Mtu wa Ufipa aliyekuwa na chuma na mtu wa ziwani aliyekuwa na samaki wote waliihitaji chumvi.

Baadaye wakaja watafuta mafuta. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili virefu, kimoja Ivuna na kingine Galula. Mafuta ya kuuza hayakupatikana, lakini tulijua kwamba chini ya bonde kuna mchanga na tope lililorundikana kwa kilomita nyingi.

Wakaja wa heliamu. Wanafunzi wa fizikia wanajua gesi hii huzaliwa pale urani na thoriamu vinapooza polepole ndani ya mwamba wa kale. Huku kwetu miamba ni ya kale sana, na joto la ufa huilegeza gesi iliyofungwa humo, nayo hupanda na maji moto na kutoka kama mapovu. Watafiti wa vyuo vikuu vya Durham na Oxford walikinga mapovu hayo na kuyapima. Juni 2016, katika mkutano wa wanasayansi uliofanyika Yokohama, walitangaza kwamba katika sehemu moja tu ya bonde letu huenda ikawamo heliamu futi za ujazo bilioni 54. Mkumbuke Yokohama iko wapi: ni Japani. Mapovu ya Rukwa yalitangazwa kwa ulimwengu katika nchi inayojua kuliko nyingine zote nini cha kufanya na chemchemi ya maji moto, na hakuna aliyeuliza habari ya kuoga. Mwaka 2024 kampuni ya Helium One ilitangaza kwamba kisima chake cha Itumbula kimetoa gesi yenye heliamu.

Niseme na jambo jingine la Japani na Ivuna, kwa ajili ya wanafunzi, ingawa linatutoa njiani kidogo. Wote mnakijua Kimondo cha Mbozi, kile cha tani nyingi. Wachache wanajua kwamba tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kingine kilianguka Ivuna, kidogo, kisichofika hata kilo moja. Hicho kidogo ndicho chenye thamani kubwa kwa wanasayansi, kwa kuwa mwamba wake haujabadilika sana tangu jua na sayari zake zilipoumbwa, na aina nzima ya vimondo vya namna hiyo imepewa jina la Ivuna. Desemba 2020 chombo cha Japani kiitwacho Hayabusa2 kilirudi kutoka kwenye asteroidi ya Ryugu kikiwa na gramu 5 na kitu za udongo wake. Walipoupima waliona kwamba unafanana zaidi na vimondo vya aina ya Ivuna. Kwa hiyo, vijana, jina la kijiji cha kando ya ziwa letu linatajwa kila siku katika maabara za Tokyo. Msidhani mnaishi pembeni mwa dunia.

Nirudi. Wa nne ni wa umeme. Serikali iliunda Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi mwaka 2013, chini ya shirika la umeme, TANESCO, nayo inafanya kazi Ngozi, Songwe, Kiejo-Mbaka na kwingineko. Jirani zetu Kenya wametangulia mbali: mtambo wa kwanza wa Olkaria, karibu na Naivasha, uliwashwa mwaka 1981, na Japani iliwakopesha fedha za Olkaria ya tano. Wakenya wale wale wamejenga palepale bwawa kubwa la kuogelea linalolishwa na maji ya moto ya visima. Japani kwenyewe mambo ni magumu zaidi. Ni nchi ya tatu duniani kwa utajiri wa jotoardhi, lakini umeme unaotoka humo haufiki asilimia moja ya mahitaji yake, na sababu mojawapo ni kwamba wenye mabafu ya chemchemi wanaogopa uchimbaji utakausha maji yao. Wanasikilizwa. Tafakarini hilo: mwenye bafu la kijiji anaweza kumwambia mwenye mtambo, subiri kwanza nipime maji yangu.

Chumvi, mafuta, heliamu, umeme. Katika hao wote, aliyetafuta faida ya mwili wa mkazi wa bonde simwoni. Hoja yangu jioni hii ni kwamba matumizi ya kwanza ya maji moto ya Rukwa, yale ya gharama ya chini na ya haraka kuliko yote, ni kuoga. Na wa kwanza kuoga wawe wenyeji.

Msinielewe kama mtu anayetaka kuwaletea mila ya Wajapani. Joto kama tiba tunalo sisi. Nani hapa ambaye mama yake hakukandwa alipomzaa? Mzazi hukalishwa, bibi au shangazi huchovya kitambaa katika maji ya moto, akamkanda tumbo, kiuno na mgongo, asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Nani hajawahi kufunikwa blanketi juu ya nyungu ya majani yanayochemka akaambiwa vuta pumzi? Mwaka 2020, wakati wa korona, nchi nzima ilijifukiza. Na kule Zanzibar walikuwa na mabafu zamani kabla ya hapo. Sultani Said alijenga bafu la Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na mwanawe Barghash akajenga Hamamni katikati ya Mji Mkongwe, ambamo mtu yeyote mwenye kiingilio aliweza kuingia. Bafu hilo lilihudumia watu mpaka mwaka 1920.

Hata desturi ya kwenda chemchemini kutibiwa ipo karibu. Kitagata, magharibi mwa Uganda, kuna chemchemi mbili za maji moto kando kwa kando. Moja ilikuwa ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Ya pili watu wameipa jina la Mulago, hospitali kuu ya taifa lao, na kila siku utawakuta wazee wamekaa kwenye mawe, miguu imezama majini, wanazungumza habari za magoti na migongo.  Wanaingia na kutoka wenyewe, na hilo ni zuri na ni hatari kwa pamoja, kama nitakavyoeleza.

Tofauti ya Ibusuki na Kitagata haiko ardhini. Iko kwenye sheria na kazi za watu. Japani ina Sheria ya Chemchemi za Maji Moto ya mwaka 1948. Inasema chemchemi ni ipi: maji yanayotoka ardhini yakiwa na nyuzi 25 au zaidi, au yenye kiasi maalumu cha madini yaliyotajwa kwenye orodha. Inamtaka mwenye bafu abandike ukutani karatasi inayoonyesha maji yana nini ndani yake, yamepimwa lini, na ni nani hapaswi kuingia. Nilikuwa naisoma ile karatasi kwa msaada wa mkalimani katika kila bafu nililoingia, nikaona jinsi inavyompa heshima mtu wa kawaida: haambiwi "amini", anaambiwa "soma". Tena anayeoga kwa kawaida hulipa kodi ndogo ya kuoga, mara nyingi yeni 150 kwa siku. Fedha hiyo haipandi kwenda makao makuu ya nchi. Inabaki kwenye halmashauri ya mji, kwa ajili ya usafi, kuzima moto, kutunza vyanzo vya maji na kuhudumia wageni.

Kuna atakayesema sheria za namna hiyo ni za wenzetu walioendelea. Hapana. Kule Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi za Malagarasi, watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na zamani za watemi wa Wavinza kulikuwa na utaratibu mkali: kazi ilifanyika kiangazi, chemchemi zilifunguliwa kwa tambiko, mgeni kutoka kabila lolote aliruhusiwa kuja kuchemsha, na alitoa sehemu ya chumvi yake kwa mtemi mwenye chemchemi. Hiyo ni nini kama si leseni na kodi?

Na mfano ulionigusa kuliko wote uko Kibiro, kando ya Ziwa Albert, upande wa Bunyoro nchini Uganda. Tazameni mahali penyewe: kijiji kilicho chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ziwa mbele, mlima nyuma, jua kali. Ungedhani ni kijiji cha bonde letu. Kuna chemchemi za maji moto yenye chumvi, na wanawake wa Kibiro hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi iliyolowa chumvi, wanauacha unyonye, wanaukwangua, wanautandaza tena, kisha wanauchuja kwa maji na kuyachemsha. Bustani hizo za chumvi ni mali ya wanawake. Binti hurithi kwa mama. Wamefanya hivyo kwa karne nyingi, na chumvi hiyo waliibadilisha kwa chakula kwa sababu pale hapalimiki. Nilipomwona yule mama wa Ibusuki akitandaza mchanga kwa chepe nilijua nimeshaiona kazi hiyo mahali pengine: ardhi ya moto, mikono ya mwanamke, na ujuzi ambao haumo kitabuni. Tukijenga kitu Rukwa, kijengwe juu ya ujuzi wa namna hiyo.

Sasa hatari, na hapa sitaki mtu asinzie.

Maji ya nyuzi 80 yanaua. Mtoto akiteleza humo hakuna wa kumwokoa. Chanzo chenyewe lazima kizungushiwe uzio, na watu waogee mbali nacho, kwenye birika ambamo maji yamepoa au yamechanganywa mpaka nyuzi 40 hivi. Pili, maji ya vuguvugu yaliyotuama yanaweza kuwa na ameba anayepita puani na kuingia kwenye ubongo. Ni nadra sana, lakini anayempata mara chache hupona. Kwa hiyo usipige mbizi, usitie maji puani, na maji yaingie na kutoka bila kutuama. Tatu, usiyanywe. Maji ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na ikizidi sana meno ya watoto huwa ya kahawia na mifupa hupinda. Maji yanayofaa mgongo yanaweza kuharibu meno. Nne, mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia au homa, mjamzito, na aliyelewa, wasiingie. Ibusuki hata mtu mzima wa afya anaambiwa anywe maji ya kutosha na asizidishe muda.

Na la tano ni maneno. Maji moto hulegeza misuli, hutuliza maumivu ya viungo, humpa mtu usingizi. Hayatibu kisukari, saratani wala virusi vya Ukimwi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa, na walikuwamo walioacha dawa zao. Siwacheki, mgonjwa anatafuta tumaini, na njia ya hospitali ni ndefu. Lakini siku tutakapofungua bafu la kwanza katika bonde hili, ukutani pawe na karatasi kama ile ya Japani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na chini yake iandikwe: endelea na dawa ulizopewa.

Je, tuna vyombo vya kufanyia kazi hii? Tunavyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka bodi za mabonde, na sisi tuna Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa. Inaruhusu pia wananchi kuunda jumuiya ya watumia maji. Kijiji chenye chemchemi kikiwa na jumuiya iliyosajiliwa, siku mwekezaji wa hoteli, wa heliamu au wa umeme anapobisha hodi, anakuta mwenye nyumba yupo. Kisipokuwa nayo, anakuta maji yanatiririka tu, na atasema kwa haki kabisa kwamba hakuona mtu.

Sipingi wawekezaji. Heliamu hupoza mashine za kupimia wagonjwa katika hospitali kubwa za dunia, na umeme tunautaka. Ninachoomba ni mpangilio. Kabla ya kisima kirefu kuchimbwa karibu na chemchemi, chemchemi ipimwe: joto lake, wingi wa maji kwa sekunde, madini yake, kiangazi na masika, kwa miaka. Bila vipimo hivyo, siku maji yakipungua tutalalamika na hatutakuwa na karatasi ya kuonyesha. Wenye mabafu wa Japani wanasikilizwa kwa sababu wana madaftari.

Na kupima si kazi ya kungojea wataalamu kutoka mbali. Kipimajoto cha maabara ya shule kinatosha kwa nyuzi zote hadi 100. Ndoo ya lita 20 na saa ya simu vinatosha kupima kasi ya maji. Mwalimu wa jiografia na wanafunzi wa shule iliyo jirani na chemchemi wanaweza kwenda mara moja kila mwezi, wakapima mahali palepale, saa ileile, wakaandika. Sampuli ya maji ipelekwe maabara ya maji ya serikali ipimwe floraidi na madini mengine, na majibu yasomwe kwenye mkutano wa kijiji. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na gharama yake haizidi mchango wa harusi moja.

Ya pili ni birika mbili za saruji, ya wanawake na ya wanaume, zenye ukuta, paa na mfereji wa kutolea maji, mbali na chanzo kama sheria inavyotaka. Wenyeji waoge kwa ada ndogo au bure, wageni walipe zaidi. Wakandaji wawe akina mama wanaoijua kazi, walipwe, na wawafundishe binti zao. Zahanati iwe na neno katika kanuni za kuingia. Mfuko uwe wa jumuiya na hesabu zibandikwe. Hoteli, kama itakuja, ije baadaye, ikute desturi imeshika na bei ya mwenyeji imeshaandikwa.

Kuhusu mchanga wenyewe, nimeulizwa kabla sijapanda hapa kama nasi tunaweza kufukiana. Mchanga wa kwetu hatujaupima. Atakayeona mahali kando ya ziwa ambapo mchanga una joto hata usiku wa manane, asilale juu yake. Atuletee habari, tupeleke kipimajoto.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza niliyokuwa nayo. Naomba maswali, na kwa ruhusa yako yaanze kwa akina mama waliowahi kumkanda mzazi, kwa kuwa nina machache ya kuwauliza pia.